Kamba Mbili, Sauti Moja

Haya, rudini kibandani. Najua mmenisema wiki nzima. Mama mmoja ameniandikia kwamba nina roho ngumu, eti nimemwacha kijana wa watu na vipokea sauti masikioni, jasho linamchuruzika, halafu nikaenda zangu kunywa chai. Sawa mama, yaishe. Kanato yupo palepale, hajasogea hata kidogo.

Ilikuwa saa tano na dakika tano asubuhi. Sauti ilikuwa imetoka chini ya bahari, kwenye waya wa kamba nyekundu, baada ya kimya cha karibu saa nzima. Maneno mawili tu.

"Kanato, nivute."

Ilikuwa sauti ya Minagawa Chizuru, haina ubishi. Hirose Kanato, mwendesha winchi wa bandari ya Urahama, alikuwa anaijua sauti hiyo tangu wana miaka kumi na miwili, wamekaa dawati moja. Alipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nywele zilimsimama.

Kwa sababu Chizuru hajawahi kumwita Kanato. Hata mara moja! Miaka kumi na minne alikuwa anamwita Hirose-kun, kwa jina la ukoo, kama wanafunzi wanavyoitana. Darasani Hirose-kun, gatini Hirose-kun. Hata siku alipoteguka mguu na Kanato akambeba mgongoni kutoka ufukweni hadi zahanati, aliposhushwa alisema, "Asante, Hirose-kun." Pale Urahama anayekuita kwa jina lako tupu ni mama yako, au mtu mnayelala mto mmoja. Chizuru hakuwa mama yake, na ule mto Kanato alikuwa anauona ndotoni tu.

"Amesemaje?" aliuliza mkuu wa kituo, mzee Onodera. Alikuwa amesimama mlangoni na shoka mkononi, kama sheria inavyotaka.

"Amesema nimvute."

"Na mbona umebadilika rangi?"

"Ameniita Kanato."

Mkuu alimkazia macho. "Kwani mmeshafika huko?"

"Hatujafika popote, Mkuu."

"Miaka yote hiyo mnaitana kama mko foleni ya posta, na leo chini ya mita tisini za maji ndiyo anakuita hivyo?" Mkuu alilikamata shoka kwa mikono miwili. "Sijapenda."

Kwa aliyekosa matoleo ya nyuma, nasema upesi kabla hewa haijaisha huko chini. Miaka kumi na moja iliyopita, ndani ya ghuba ya Urahama, palitokea kitu ambacho hadi leo wataalamu wanakipa majina marefu. Wenyeji wanakiita Weupe. Kiko chini ya maji, kama maziwa yaliyomwagika yakakataa kuchanganyika. Siku ya kwanza kilimeza mashua kumi na moja na watu wake. Baba yake Chizuru alikuwemo.

Kisha ukaanza kusikika. Weupe unasikia, wasomaji wangu. Kila kinachotamkwa juu ya maji yale unakihifadhi, halafu unakirudisha kwa sauti ya mwenyewe. Na miaka miwili iliyopita ulijifunza zaidi ya sauti. Walimvuta mpiga mbizi mmoja, Aramaki, akapanda mzima, uso wake, cheko lake. Akala nao siku mbili. Asubuhi ya siku ya tatu watu watatu wakakutwa ndani ya kibanda wamekufa, midomo wazi, na Aramaki hayupo. Mmoja wa wale watatu alikuwa mdogo wake Onodera, tumbo moja.

Ndiyo maana siku hizi kuna sheria. Hakuna kamba inayovutwa kabla aliye chini hajajibu swali la siri. Akikosea, kamba inakatwa.

"Muulize," alisema Mkuu. Alinyoosha kidole kwenye saa ya hewa na kutamka kwa sauti ya kazi, kama walivyofundishwa wote, "Hewa, dakika hamsini na tano! Akiba, dakika kumi! Sawa!"

Kanato alinyoosha kidole naye. "Kamba nyekundu, kilo mia moja kumi na nane! Sawa!"

Akabonyeza kitufe cha kuongea. "Minagawa. Hapa ni Hirose. Swali. Siku ya kumaliza shule tuliahidiana nini?"

Swali hilo alilichagua Chizuru mwenyewe. Walikuwa na miaka kumi na mitano, baba yake ana wiki mbili tangu amezwe. Wakakaa kwenye ukuta wa kuzuia mawimbi na vyeti vyao mkononi. Chizuru akasema nitajifunza kupiga mbizi, nimshukie baba. Kanato akasema basi mimi nitashika kamba, na siiachii mpaka nikuone uso. Wakafunga ahadi kwa vidole vidogo, kama watoto, halafu wakaoneana haya.

Waya ulikoroma. "Uliahidi utashika kamba," sauti ilisema. "Hutaiachia mpaka unione uso. Kanato, tafadhali, huku ni baridi."

Jibu sahihi. Neno kwa neno. Kanato aliweka mkono kwenye wenzo wa winchi.

Na hapo hapo taa ya njano ikawaka, Kanato akageuza swichi ya spika ili wote wasikie.

Kha! Kamba ya njano ilikuwa ya Sakuma, mpiga mbizi mwenzake, mwanamume wa miaka arobaini mwenye kikohozi cha sigara. Sakuma alishuka saa tatu kurekebisha vipimo, akanyamaza. Saa nne Chizuru akashuka kumtafuta, naye akanyamaza. Kwa hiyo kwenye njano walitegemea kikohozi.

"Hirose-kun? Hirose-kun, unanisikia?"

Sauti ilikuwa ya Chizuru.

Mkuu Onodera alirudi nyuma hatua moja hadi mgongo ukagonga jiko la mafuta. Birika likayumba.

"Usijibu," alinong'ona.

"Hirose-kun, Sakuma-san amefariki. Kamba yangu ilichomoka kiunoni, nimejifunga yake. Nivute taratibu, nina maumivu ya bega."

Kanato alitazama vipimo. Njano, kilo mia moja kumi na nane. Nyekundu, kilo mia moja kumi na nane. Hakuna hata gramu ya tofauti.

"Uliza," Mkuu alisema. "Uliza na huyo."

"Minagawa, swali. Siku ya kumaliza shule tuliahidiana nini?"

"Kwamba utashika kamba, na hutaiachia mpaka unione uso. Ulikuwa na mafua. Ulifuta pua kwa kona ya cheti chako, ukadhani sijaona."

Msomaji, mafua yalikuwa kweli. Na kona ya cheti ilikuwa kweli.

Kanato aliachia kitufe, akakaa chini sakafuni. Alikuwa na hofu ya aina ambayo mtu hata aibu haoni. Meno yalikuwa yanagongana.

"Wote wamepatia," alisema.

"Bila shaka wamepatia! Ahadi mliifungia wapi?"

"Kwenye ukuta."

"Juu ya maji?"

"Juu ya maji, Mkuu."

"Na mliitamka kwa sauti?"

"Tulikuwa watoto!"

Mkuu alifunga macho. "Basi Weupe unayo. Unayo ahadi yenu, na mafua yako, na kila kitu." Alipangusa uso. "Wa njano ndiye. Anakuita anavyokuitaga. Anaongea anavyoongeaga. Vuta njano, mimi nakata nyekundu."

"Tuvute zote mbili!"

"Zote mbili?" Sauti ya Mkuu ilipasuka. "Yule Aramaki unajua nani alimvuta? Mimi. Kwa mkono huu. Alinijibu swali vizuri, nikafurahi, nikamfungulia kofia mwenyewe. Nikampa na sehemu yangu ya chakula. Halafu nikaenda kumzika mdogo wangu. Hirose, kitu kile hakipandi tena hapa nikiwa hai. Mtu mmoja, kamba moja. Na ile ya pili naikata kabla kofia haijafunguliwa."

Saa tano na dakika kumi na moja. Kumpandisha mtu kutoka kule kunachukua dakika ishirini na tano, kwa sababu ukimvuta mbio damu inaingia mapovu na anafia mikononi mwako.

Kanato alijaribu kufikiri. Ni kazi ngumu kufikiri ukiwa umekaa sakafuni unatetemeka. Alitazama ukutani, kwenye ratiba ya ukaguzi. Kagua hewa, tamka. Kagua kamba, tamka. Kagua joto, tamka. Miaka na miaka watu wa kituo kile wamekuwa wakinyoosha vidole na kupaza sauti mbele ya bahari, kila namba, kila jina, kila salamu ya asubuhi. Walidhani wanajikinga na ajali.

"Mkuu," alisema polepole. "Sisi ndio tumeufundisha."

"Nini?"

"Weupe. Sisi tunatamka kila kitu. Jina la Hirose-kun limesikika hapa mara ngapi? Elfu? Kila siku ya kazi, kwenye waya, Hirose-kun vuta, Hirose-kun shusha. Weupe unalo jina hilo. Ila Kanato..." Alisimama. "Jina la Kanato halijawahi kutamkwa hapa. Weupe ungelitoa wapi?"

Mkuu aliteremsha shoka kidogo.

Kanato alifungua waya zote mbili kwa pamoja. "Sikilizeni. Sema kitu ambacho hujawahi kukisema."

Njano ilijibu kwanza, kwa hasira. "Hirose-kun, huu ni wakati wa michezo? Hewa inaisha. Fanya kazi yako."

Moyo wake ulidunda. Huyo alikuwa Chizuru kabisa, huyo Chizuru anayemgombeza akichelewa na kumwachia chungwa mezani baadaye.

Nyekundu ilikawia. Kisha ikasema, chinichini, "Nimeshakisema. Nimekuita."

Mlango ukafunguliwa ghafla na Mkuu nusura amkate shoka aliyeingia.

Alikuwa Minagawa Fusae, mama yake Chizuru, na kikapu cha chakula cha mchana. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Kila siku saa tano na robo analeta matonge ya wali aliyoyafunga kwa mwani, anatania, anaondoka. Leo aliona shoka, akaona taa mbili zinawaka, na mkono uliobeba kikapu ukaanza kushuka taratibu.

"Mwanangu yuko wapi?"

"Mama, kaa nje," alisema Mkuu.

"Onodera-san, nimezika jeneza tupu la mume wangu. Usiniambie nikae nje."

Kutoka spika ya njano, "Hirose-kun, nani huyo? Ni mama?"

Kutoka nyekundu, wakati uleule, "Mama?"

Fusae aliachia kikapu. Matonge yakasambaa sakafuni. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye maneno, ambaye mnadani huwanyamazisha wavuvi. Sasa alishika ukingo wa meza na hakutoa sauti.

Kanato alimkamata mabega. Hakuwa amewahi kumgusa. "Mama, nisikilize. Nyumbani, Chizuru akinitaja, ananiitaje?"

"Unaniuliza nini wewe, saa hizi?"

"Ananiitaje, mama!"

Fusae alimtazama kama mtu aliyepoteza akili. Halafu machozi yakaanza kumtoka.

"Kanato," alisema. "Nyumbani kwangu hakuna Hirose. Ni Kanato kasema hivi, Kanato kakohoa leo, Kanato hajala vizuri. Kila siku mezani mpaka nimechoka. Nikamwambia mwanangu, si umwambie mwenyewe? Akasema mama, nikimwita hivyo nitakuwa nimemwambia yote." Alijifuta kwa aproni. "Mlikuwa mnangoja nini nyie watoto? Mnangoja nini!"

Miaka yote ile Kanato alikuwa anadhani amebeba mzigo huo peke yake. Laiti mngemwona uso. Furaha na hofu ziliingia kwa mlango mmoja zikakwama.

"Nyumba yenu iko juu kilimani," alisema. "Mbali na maji."

"Dakika ishirini kwa miguu. Kwani nini?"

"Weupe haufiki huko. Mkuu, haufiki!" Alikuwa tayari ameshika wenzo. "Jina hilo analo Chizuru peke yake. Ni nyekundu. Vuta nyekundu!"

Mkuu akanyoosha kidole, na safari hii hakupaza sauti. Alinong'ona. "Kamba nyekundu. Vuta."

Saa tano na dakika ishirini. Winchi ikaguna, ngoma ikaanza kuzunguka.

"Na njano nakata," Mkuu alisema, akapiga hatua.

"Subiri!" Kanato alimzuia kwa bega. "Mpaka nimwone uso. Niliahidi kamba siiachii mpaka nimwone uso. Nikishamwona, kata."

"Sheria inasema kabla ya kofia."

"Mkuu, nakuomba. Maisha yangu yote sijakuomba kitu."

Mzee Onodera alitukana chini kwa chini, akaenda kusimama juu ya kamba ya njano, shoka begani. "Uso tu. Ukishauona, usinipigie kelele."

Sasa, wasomaji, mngetaka niruke zile dakika ishirini na tano. Hata Kanato angetaka. Ila spika ya njano haikuzimwa, kwa sababu swichi yake na ya nyekundu ni moja, na nyekundu alikuwa lazima asikilizwe.

"Hirose-kun," ilisema kwenye mita sabini. "Mbona sipandi?"

Kanato alitazama ngoma ikizunguka.

"Hirose-kun, nasikia winchi. Unamvuta nani?"

Mita sitini. Fusae alikuwa ameziba masikio kwa viganja viwili.

"Hirose-kun, hicho si mimi. Nakiona kikipanda. Hirose-kun, kina suti yangu!"

"Usimjibu," Mkuu alisema.

Kwenye mita arobaini sauti ya njano iliacha kubembeleza. Ilianza kusoma vipimo, kama kazini, kwa utulivu wa kujilazimisha. "Hewa, dakika ishirini na tatu. Joto, nyuzi tatu. Bega la kushoto, halifanyi kazi." Kanato aliuma ngumi hadi akahisi ladha ya damu. Chizuru alikuwa hivyo hasa. Akiogopa sana, anasoma vipimo.

"Ni uongo," alijiambia. "Umemsikia akisoma vipimo mara elfu. Ni uongo, ni uongo."

"Fusae-san," Mkuu aliita bila kugeuka. "Wewe ndiye mama. Moyo unakwambiaje?"

"Moyo?" Fusae alitoa viganja masikioni. "Moyo unaniambia wote wawili ni wangu. Nitoe nje, Onodera-san, nitoe nje kabla sijakurukia."

Hakuna aliyemtoa nje, wala hakumrukia mtu.

Saa sita kasorobo, kofia ya chuma ilitokeza juu ya maji.

Kanato alikimbia hadi kwenye ngazi, akaingia majini mpaka kiunoni bila kuhisi baridi, akamkumbatia yule mtu na suti yake nzito, akamburura hadi sakafu ya kibanda. Ndani ya kioo palikuwa na mvuke wa pumzi. Vidole vyake vilikataa kufungua vifungo. Fusae akamsukuma, akavifungua mwenyewe kwa mikono ya mtu aliyefungua samaki maisha yote.

Kofia ikatoka.

Alikuwa Chizuru! Alikuwa na nywele zilizoganda kwenye paji, midomo ya bluu, na kovu dogo kidevuni alilolipata kwenye baiskeli. Alikohoa, akatapika maji, akafumbua macho. Mama yake akamkumbatia kichwa, akawa anamwita jina lake tu, tena na tena, huku anampangusa kwa aproni ile ile yenye chembe za wali.

Kanato alipiga magoti. Alikuwa analia wazi kama mtoto na hakujali nani anaona.

"Umeuona uso," Mkuu alisema nyuma yao. Sauti yake ilikuwa nzito, lakini ilikuwa na nafuu ndani yake. "Basi mimi namaliza kazi."

Chizuru alinyoosha mkono, akaushika mkono wa Kanato. Vidole vyake vilikuwa baridi, lakini vilimbana vizuri.

"Umenivuta," alisema.

"Nimekuvuta."

"Nilikuwa nimekata tamaa. Kule chini hakuna juu wala chini. Nilikaa tu nikasema basi, ndiyo mwisho." Alitabasamu kidogo, akaona haya mbele ya mama yake, akateremsha macho. "Nisingethubutu kukuita jina lako kama usingeanza wewe."

Kanato alicheka katikati ya machozi. "Kuanza nini?"

"Kuongea. Kwenye waya."

"Waya ulikuwa umekufa, Chizuru." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwita kwa jina hilo, na hakupata hata nafasi ya kulifurahia. "Tangu saa nne na dakika kumi. Nilikuwa naita hunijibu."

"Nilikusikia vizuri sana." Alimtazama, anashangaa yeye sasa. "Uliniambia unanipenda. Ulisema tangu lile dawati la kwanza. Ulisema unaogopa kila nikishuka, ndiyo maana unageukia ukutani, nisikuone. Kanato, kwa nini unanitazama hivyo?"

Mikono ya Kanato ilikufa ganzi.

Hakusema. Hajawahi kusema. Wala kwenye waya, wala kibandani, wala nyumbani akiwa peke yake anaoga. Hayo ya dawati la kwanza, hayo ya kugeukia ukutani, hayajawahi kutoka mdomoni mwake mbele ya kiumbe chochote. Yalikuwa ndani ya kifua chake, na huko ndiko yalikobaki.

Lakini kule chini kuna kitu kiliyatamka. Kwa sauti yake.

Basi Weupe hauhitaji kusikia. Kama umeweza kuingia kifuani mwake na kuchukua kile, ungeshindwaje kuingia kifuani mwa Chizuru ukachukua jina moja dogo? Kule kufikiri kwake kote, kilima, meza ya chakula, jina lisilotamkwa, kukamporomokea. Hakuwa na uthibitisho wowote. Alikuwa amechagua sauti iliyomwambia alichotaka kusikia.

Alitazama ule mkono uliokuwa umemshika. Ulikuwa unazidi kumbana.

"Kanato?" Chizuru alisema. "Nimekosea kusema?"

Kwenye spika ya njano vipimo vilikuwa vimekoma. Palikuwa na pumzi tu, fupi fupi, za mtu anayebana hewa imtoshe. Dakika kumi na tano, na kumi za akiba. Ishirini na tano kamili. Kama winchi ingeanza kuzunguka sasa hivi, sekunde hii hii, huyo aliye chini angefika juu akiwa hai.

Kanato alivuta mkono wake. Haukuachiliwa. Akauvuta kwa nguvu zote, ngozi ikachubuka, mkono ukachomoka, akageuka kumwita Mkuu.

Mzee Onodera alikuwa amewapa mgongo ili asimwone mtu yeyote usoni. Shoka lilikuwa limeshapita juu ya kichwa chake na lilikuwa linashuka, na hapakuwa na muda wa kutamka chochote. Kanato akajirusha sakafuni, akautupa mkono wake wa kulia juu ya kamba ya njano.